Majani ya Ngoro na Mlango wa Saba

Nimechoka, na heri niseme mapema ili msomaji asikae akisubiri nichangamke. Si uchovu wa kazi. Kazi niliizoea zamani: kufundisha Kiingereza darasa la sita asubuhi, kupanda mlima mchana, kushika jembe la mama mkwe jioni. Uchovu wangu ni wa kusubiri. Anayesubiri haonekani kufanya kitu, lakini akiamka asubuhi mifupa inamuuma kama aliyebeba magunia.

Nilizaliwa Singida, nchi bapa, ambako ukisimama mlangoni unamwona mgeni nusu saa kabla hajafika. Serikali ikanipanga Mbinga, kata ya Ruanda, ambako mgeni humwoni mpaka awe amesimama juu ya kichwa chako, maana nyumba zimepandana mlimani. Nikaolewa na mwana wa hukohuko, tuliyejuana tangu chuo. Yeye ni tabibu. Mwaka uleule tuliofunga ndoa akapangiwa zahanati ya Chiwanda, chini kabisa ziwani, kuelekea mpaka wa Msumbiji. Kwa hiyo mimi mgeni nikabaki kwenye mlima wa baba zake, na yeye mwana wa mlima akaenda kuishi na watu wa ziwa. Tuliomba uhamisho ili tuishi pamoja. Niliomba mimi, akaomba yeye, tukajibiwa kwa lugha nzuri sana. Tulikuwa tukitaniana kwamba kuna mtu ofisini ameyaatamia mafaili yetu kama kuku, na siku yatakapoanguliwa tutakuwa tumestaafu. Mtoto tulikuwa hatujapata, na kwa umbali ule hakuna aliyehitaji kutuuliza sababu, ingawa waliuliza.

Kilichotushikanisha ulikuwa mchezo wa simu. Najua wapo watakaosonya hapa. Mwalimu mzima na tabibu mzima! Wasonye tu, halafu waendelee kusoma.

Ni michezo ile ambayo unachukua mtu asiye na kitu, unampa kazi, awe mpiga upinde, mganga au fundi, kisha unatembea naye kijiji hadi kijiji. Anaongea na watu, anapigana, anaumia, anajifunza, na taratibu anakua mikononi mwako mpaka unamwonea uchungu kama ndugu. Sehemu ya kwanza tuliicheza Songea tukiwa wanafunzi, mimi chuo cha ualimu, yeye cha afya, kwenye kompyuta yake moja kuukuu iliyong'oka herufi mbili. Yeye alishika mapanga. Mimi nilishika mkoba na mazungumzo, kwa kuwa alikuwa hana subira na wazee wa vijijini, hata wale wa kwenye kioo. Mwisho wa mchezo mafuriko yanakuja, na kengele unayoweza kuifikia ni moja tu: upige ya kijiji cha juu mlimani wapone wa juu, au ya kijiji cha chini ufukoni wapone wa chini. Yeye alitaka ya juu. Mimi nilitaka ya chini. Tulinuniana siku mbili, kisha tukapiga ya juu kwa sababu kompyuta ilikuwa yake. Kijiji cha chini kikazama, na mimi nilimsema kwa jambo hilo kwa miaka.

Sehemu ya pili ilitoka tukiwa tumeshaoana na tumeshatenganishwa. Inaanza kwa kukwambia kwamba kengele zote mbili zilipigwa. Pale ulipochagua, dunia ilipasuka ikawa mbili zinazokwenda sambamba. Katika moja wa juu wako hai na wa chini wako chini ya maji. Katika nyingine ni kinyume chake. Vilima ni vilevile, mto ni uleule, ila yule uliyemzika huku, kule yuko jikoni anakaanga samaki. Mnacheza watu wawili, kila mmoja dunia yake. Yeye akachukua ya mlimani kwa sababu, alisema, alikuwa amekumbuka baridi. Mimi nikachukua ya ufukoni, nione mume wangu anaamkia mazingira gani.

Baina ya dunia hizo kuna milango saba. Huwezi kuvuka. Unaweza tu kuweka kitu kizingitini, na mwenzako akifika upande wake anakikuta. Yeye mwenyewe humwoni. Unaona nyayo zake, jivu la moto wake likiwa bado na uvuguvugu, kikombe kimehamishwa mezani. Kila mmoja alicheza kwenye simu yake wiki nzima, kisha Jumamosi tunatumiana mafaili, na ukilifungua la mwenzako ndipo athari zake zinatokea kwako. Kwetu mtandao ulikuwa unashika vizuri nyuma ya vichanja vya kuanikia kahawa vya parokia, juu ya jiwe moja. Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa nakaa pale na kitenge mabegani, na wanawake waliokuwa wakichambua kahawa walisema mwalimu anaongea na mumewe. Sikuwasahihisha, maana hawakukosea.

Sharti lilikuwa moja, na nililiweka mimi: asikanyage mtu mlango mpaka mwenzake awe amefika upande wa pili. Alikubali. Aliniachia asali kizingitini, blanketi ambalo kwenye dunia yangu ya joto halikuwa na kazi, na siku moja aliniachia jembe. Nilimpigia simu palepale jiweni. "Daktari, jembe tena? Huku nalishika, na mchezoni nilishike?" Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilimwachia samaki wakavu. Kwa mwaka na nusu tulipita milango sita kwa namna hiyo, pole pole, na nakiri kwamba nilikuwa na furaha.

Sasa lazima nieleze ngoro, kilimo cha mlima huu, maana bila hiyo nitaonekana nalalamika bure.

Mlima wa Wamatengo, kabila la mume wangu, ni mkali kiasi kwamba mvua ingeusomba wote mpaka ziwani kama si akili ya mababu zao. Majani yakikatwa na kukauka, yanalazwa shambani kwa mistari ya miraba, mstari wa kushuka na mstari wa kukata, mlima mzima unaonekana kama daftari la hesabu. Kisha katikati ya kila mraba linachimbwa shimo, na udongo wake unafunika yale majani pande zote nne. Maharage yanapandwa juu ya matuta, maji yanakaa shimoni, majani yanaoza na kuwa mbolea. Kulaza majani ni kazi ya mwanamume. Kuchimba na kufunika ni kazi ya mwanamke. Mama mkwe alinifundisha siku ya tatu ya kuwa kwake, kwa maana alisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na yeye methali huwa hazitumii kwa mapambo. Nikamuuliza, je, mwanamume asipolaza? Akasema basi mwanamke hana pa kuanzia.

Mwaka wa kwanza mume wangu alikuja Machi, akalaza, nikachimba. Mwaka wa pili hakuja. Shamba likalala na nyasi. Koo nyingi siku hizi zimeacha sengu, ule mkutano wa wanaume wa ukoo kula pamoja na kuamua mambo, lakini ukoo huu bado unaushikilia, na sisi wanawake tukipeleka ugali tunasikia yote kwa kuwa wenyewe hawajui kunong'ona. Baba mdogo wa mume wangu akasema kwamba shamba lisilolazwa majani misimu miwili ni shamba lisilo na mtu, na kwamba mwakani likilala tena atapewa ndugu mwingine mwenye watoto. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ardhi inavyokwenda kwenye mlima ambao hauongezeki. Lakini shamba lile ndilo lilikuwa mimi pale. Bila shamba ningekuwa mwalimu wa kuja anayeishi nyumba ya mama wa mtu.

Nilimpigia simu nikamweleza neno kwa neno. Akasema, "Mwalimu, mwakani nakuja. Nakuja Machi nalaza majani, na jioni tunakaa na mama barazani tunafungua mlango wa saba, mimi na wewe, bega kwa bega."

Nilikuwa nimeshafika kwenye mlango wa saba. Mtu wangu, fundi wa mitumbwi niliyemkuza toka hawezi kushika nyundo, alikuwa amesimama mbele yake. Nikamwacha amesimama.

Februari ndugu za mume wangu walikata nyasi kwa kazi ya pamoja, wakaziacha zikauke. Machi ikaingia. Wiki ya kwanza akasema tabibu mwenzake kaenda likizo ya uzazi, zahanati amebaki yeye na muuguzi tu. Nilielewa. Wagonjwa hawaahirishwi. Wiki ya pili akasema mvua imekata njia huko chini. Nilielewa pia, kwani mvua hata sisi ilikuwa inatunyeshea. Wiki ya tatu akasema, "Nitakujulisha," na hapo nilielewa kitu kingine ambacho sikuwa na jina lake. Mafaili ya Jumamosi yaliendelea kuja. Nyayo zake upande wa pili wa mlango zilikuwa pale, jivu lina moto. Nikifungua simu ni kama yuko nyuma ya ubao wa mlango. Nikizima, kuna mlima na nyasi kavu zinazoanza kuloa na kuoza bila kazi, na majirani wote wameshapanda.

Asiyekuwepo na lake halipo. Nilijiambia hivyo Jumatatu moja nikitoka shule, bado nimevaa sketi ya kazini, na sijui kilichonipata. Nilishuka shambani nikaweka mkoba wa madaftari juu ya kisiki, nikakumbatia mzigo wa majani wa kwanza nikaulaza. Kisha wa pili. Nilipima kwa hatua: moja, mbili, mstari. Moja, mbili, mstari. Nilikuwa nalia kwa hasira na nilikuwa nahesabu kwa sauti, na ajabu ni kwamba hesabu haikuharibika. Watu waliokuwa wakipita njia ya juu walisimama. Wa kwanza akanisalimu. Wa pili hakunisalimu, akaenda zake haraka, na nikajua habari imeshafika nyumbani kabla yangu.

Mama mkwe alikuwa jikoni akipepeta mahindi. "Shikamoo, mama." Akaitikia bila kuinua uso. Akapepeta mpaka ungo ukaisha.

"Umejilazia majani," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Huku kwetu wanaojilazia ni wajane. Unajua?"

Nikasema sikujua. Na kweli sikujua, kwani hakuna aliyewahi kunieleza. Mambo kama hayo huambiwi, unayakuta umeshayakanyaga. Nilitaka kuomba msamaha nikashindwa, maana sikuona kosa langu liko wapi na la mwanawe liko wapi. Nikabaki nimesimama na majani kwenye nywele. Akaniambia nikaoge, chakula kitapoa.

Kesho yake nilipofika shambani nilimkuta ametangulia. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni, na badala ya jembe ameshika majani. Anaupanga upya mstari wangu wa tatu, uliokuwa umepinda. "Ukipinda hapa," akasema, "maji yatapata njia, yataondoka na wewe na maharage yako." Nikamuuliza yeye alijifunzia wapi kazi ya wanaume. Akasema mwaka aliokufa baba yenu. Kisha akaongeza kwamba watu walisema sana mwaka ule, na waliposema mpaka wakachoka, maharage yakaota. Tulifanya kazi kwa siku sita, nikitoka shule yeye yuko pale, tukalaza na kuchimba na kufunika na kupanda, tukamaliza lote isipokuwa ukanda mwembamba wa juu kabisa, penye mawe, ambao mgongo wa mama ulikataa.

Mume wangu alikuja Jumamosi ya pili ya Aprili. Bodaboda ilimshusha njia ya juu, kwa hiyo aliliona shamba kabla hajatuona sisi. Aliingia na begi moja na mfuko wa dagaa na samaki wawili aina ya mbasa waliokaushwa, amenenepa kidogo, ameungua na jua la ziwani, na amevaa shati jepesi ambalo mtu wa Mbinga hawezi kulivaa Aprili. Alimwamkia mama yake. Kwangu alisema, "Mwalimu," nami nikasema, "Daktari," na mikono yetu ikakutana juu ya mfuko wa dagaa kana kwamba ndio tuliokuwa tukisalimiana nao.

"Nani kalaza?" akauliza.

"Mkeo," mama yake akajibu, akachukua dagaa akaingia nao jikoni.

Nilimtazama nikaona neno hilo limemwingia. Nikafurahi kwamba limemwingia, kisha nikaona aibu ya kufurahi, kisha nikachoka na vyote viwili.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mlima wa pili, tulikaa barazani kama alivyoahidi. Mama alikuwa kwenye kigoda anamenya viazi, haangalii, ila anasikia. Tukaweka simu mbili pamoja. Fundi wangu wa mitumbwi alikuwa amesimama pale nilipomwacha. Wa kwake, mwindaji, naye yuko upande wake. Mlango wa saba unahitaji funguo tatu zilizofichwa, na kwa kawaida ungepoteza saa mbili nzima unapekua mitungi ya watu. Yeye akaenda moja kwa moja kisimani. Akatoa ufunguo. Akageuka kushoto kwenye ghala, gunia la nyuma, ufunguo wa pili. Kisha akasimama, akajidai kufikiri, akaanza kuzungukazunguka uani.

Mimi nimesahihisha mitihani miaka minane. Mtoto aliyeona majibu namjua kwa namna anavyofutafuta ili aonekane alihangaika.

"Umeshaumaliza," nikasema.

Kidole chake kikasimama kwenye kioo.

"Lini?" nikauliza.

"Januari."

Januari. Nikahesabu Jumamosi zote. Jumamosi zote nilizokaa jiweni na baridi nikitumiwa nyayo za mtu ambaye alikwisha kufika, akaona, akarudi nyuma kwenye faili la zamani, na kunichezea kama anavyochezewa mtoto kujificha, ambapo mkubwa anajua wazi kwamba yuko nyuma ya pazia. Nilimwuliza kwa nini. Sikupaza sauti. Nilikuwa sina sauti ya kupaza.

Akasema alitaka kujua kama watu wetu wawili wanakutana mwishoni. Siku moja zahanati haikuwa na wagonjwa, akaiazima simu ya pili ya muuguzi, akaliweka faili langu humo, akacheza pande zote mbili peke yake mpaka mwisho.

"Na wanakutana?"

Mama aliacha kumenya kiazi.

"Hawakutani," akasema. "Mlango unakuuliza swali moja tu, kwako ni wapi. Unachagua dunia moja. Ukishachagua, nyingine inafungwa, ila wanakuonyesha mara ya mwisho. Nilikuona kutoka kilimani. Yaani, nilimwona fundi wako. Amenipa mgongo, anafanya kazi yake. Nikabonyeza kila kitu ili ageuke. Hageuki."

"Ulichagua wapi?"

Akaifunika simu yake kwa kiganja. Alisema alikuwa amekusudia kuniambia kila wiki, kila wiki akaona afadhali nibaki na mlango wangu. Alisema ndiyo sababu Machi ilimshinda. Zahanati ilikuwa kweli, mvua ilikuwa kweli, lakini wiki ya tatu njia ilifunguka na muuguzi akasema nenda, na yeye akakaa kitandani na begi lililofungwa mpaka gari likapita. "Niliogopa, mwalimu. Niliogopa kuja kulaza majani kisha tufungue mlango kisha uniulize."

"Nikuulize nini?"

"Hilohilo la mlango."

Nilizima simu yangu. Sikuufungua mlango ule, na mpaka leo sijaufungua. Fundi wangu amesimama pale na nyundo yake, na kila nikibadilisha simu nahamisha faili lake kwanza kabla ya picha za harusi. Usiku tulilala kitanda kimoja chini ya mablanketi mawili na yeye aliomba la tatu. Nilimpa langu.

Jumapili baada ya misa akasema angependa kulaza ule ukanda wa juu uliobaki, asiondoke bila kugusa kitu. Mama hafanyi kazi Jumapili, lakini siku hiyo alisema Mungu ana macho, anaona shamba limechelewa. Tukapanda watatu. Yeye mbele na kumbatio la majani, mimi na jembe nyuma yake, mama chini yetu kidogo akiokota mawe. Hewa ilikuwa safi na ukungu umekaa bondeni. Nilimpa mgongo nikaanza kusafisha mraba wa pembeni, na kwa muda nilisikia tu majani yakilazwa na pumzi zake, ambazo zilikuwa nzito kuliko nilivyozikumbuka. Mlima humsahau mtu mapafuni kwanza. Niliona moyo wangu unalegea. Nilisema moyoni, labda ndiyo hivi. Labda mtu anaweza kurudi kwa kulaza mstari mmoja.

Nikageuka nione amefika wapi. Miraba yake ilikuwa mikubwa mno, hatua tatu, mingine nne. Shimo la ukubwa ule hakuna mwanamke anayelichimba, na mvua ya kwanza ingevunja tuta lote.

"Daktari," nikamwita, "imekuwa mipana."

Akasimama akaiangalia kazi yake, akaangalia ya chini tuliyoifanya mimi na mama yake, akacheka kidogo kama mtu aliyekosea nyumba. Akafuta jasho kwa mkono wa shati lake la ziwani. Alikuwa amesimama juu ya udongo wa baba yake, kaburi la baba yake linaonekana pale chini penye migomba, na aliniuliza kwa adabu kabisa, kama mgeni anavyomuuliza mwenyeji:

"Huku kwenu mnaweka hatua ngapi?"

Mama yake alikuwa ameinama na jiwe mkononi. Aliendelea kuinama hivyohivyo. Mume wangu mwenyewe hakusikia alivyosema. Alikuwa ananitazama, anasubiri jibu, na majani kifuani, na uso wake ulikuwa uleule niliokuwa nikiusubiri.

"Mbili," nikamwambia. "Huku kwetu tunaweka mbili."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi mwanzo wa mstari, akaanza kupima upya.